Chungwa la Masere Godelive

Alizaliwa Mahagi-Port mwaka 1969, katika nyumba ya wavuvi Wakatoliki, na mama yake alisema mtoto huyo hakutulia hata mgongoni. Mwaka 1998, akiwa mtawa, au masere kama wasemavyo huko, alitumwa Bunia kutia wagonjwa ganzi katika hospitali ndogo ya misheni.

Jaribu lake lilikuja mwaka 2004. Alimchoma mama Jeannine ganzi ya mgongo ili apasuliwe kutoa mtoto, akamlaza. Dawa ile ina sukari. Ni nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, nayo huteremkia palipo chini. Mguu wa meza upande wa kichwa ulikuwa umezama katika sakafu mbovu, wala hakuna aliyeona. Jeannine akasema, "Masere, mikono yangu haisikii tena." Kisha pumzi ikakatika. Mtoto walimwokoa, mama, hapana.

Tangu hapo Masere hakupata raha. Alisali akitembea. Aliacha sahani ya chakula akarudi kuigusa ile meza, na kabla ya kila sindano aliviringisha chungwa juu yake, aone linakimbilia wapi. Wauguzi walimcheka mpaka wakachoka.

Mwaka 2019 akaletwa Claire kutoka Iga Barrière, mtoto amekwama tumboni, moyo wake unalegea. Sindano ilikuwa imeshajazwa. Chungwa likakimbilia upande wa kichwa.

Daktari Gauthier akapaza sauti: "Masere, hapa ni opération ao ni soko?"

"Ni soko, munganga. Mulete matofali."

"Mutoto anakufa!"

"Dawa itafuata chungwa, na Claire atafuata Jeannine. Matofali!"

Wakainua meza. Chungwa likasimama. Akachoma, akamlaza Claire, akashika mkono wake. "Kunja vidole. Tena. Tena."

Claire akamfinya kwa nguvu. "Unasikia, Masere?"

"Aï! Ni weye unapashwa kusikia!"

Wakacheka huku Gauthier akipasua, na katikati ya kicheko mtoto akalia.

Masere alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa figo. Siku ya mwisho mkono wake ulipapasa ubao wa kitanda bila kupumzika. "Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa, Masere," Claire akamjibu. Ndipo mkono ukatulia.

Waamini husimulia kwamba tangu yale matofali hakuna mama aliyekata roho juu ya meza ile. Kanisa halijasema neno. Lakini anayetaka kumfuata asianze kwa kupiga magoti mbele ya picha yake. Ainame kwanza, atazame meza imelalia upande gani.