Mzee Gharika na Kidirisha cha Chumba cha Chini

Baba yangu alifundisha fasihi miaka thelathini na miwili, na wanafunzi walimwita Mzee Gharika. Kila taifa la kale, alisema, lina utenzi wake wa mafuriko, na katika kila utenzi anayetoka majini si yule aliyeingia. Alizinakili hadithi hizo kwa mkono, mafungu arobaini ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba, akayaweka chumba cha chini ya nyumba, ambako hata kufagia kulihitaji ruhusa. Mama alimtania: "Umesoma gharika zote za dunia, mume wangu, na hujabadilisha hata soksi." Mimi sikucheka. Karatasi zile zilikula likizo zetu zote, nami nilizichukia waziwazi.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane mchana Baba akaanza kufoka kwamba karatasi zitapata unyevu, na kwa kuwa mgongo ulimsumbua, Mama ndiye aliyeshuka kuziinua. Hakumaliza hata rafu moja. Ukuta wa mfereji wa mtaa ulibomoka kule juu, maji yakajaa kwenye korido ya chini, yakaukandamiza mlango wa chumba kile, unaofungukia nje, huku yakipenya ndani. Nilivuta kitasa mpaka viganja vikachubuka. Wapi!

Tukakimbilia barabarani, kwenye kidirisha cha chumba kile, kilicho usawa wa ardhi. Baba alivunja kioo kwa kiatu. Mama alikuwa amesimama juu ya meza, na maji yalishaifunika. Ni mfupi, vidole vyake tu ndivyo vilivyofika kwenye fremu.

Basi alifanya nini? Aliinua fungu la karatasi.

"Pokea hizi kwanza," alisema.

Na Baba akapokea. Akapokea na la pili, akaliingiza chini ya koti lisilowe.

"Baba!" nilimpigia kelele. "Yule ni Mama!"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Kisha akayatupa yote mawili ndani.

"Yapange juu ya meza. Yote. Uyapande."

"Nikanyage kazi yako?"

"Kanyaga! Kanyaga, mke wangu, maji hayasubiri!"

Mama akapanga huku analia. Rundo likateleza, naye akazama hadi shingoni. Akanyanyuka, akapanga tena. Baba alilala kifudifudi matopeni, na mgongo wake huohuo mbovu, akaingiza mikono hadi mabegani. Tukavuta. Bega la Mama lilikwama, tukavuta tena, akatoka.

Tuliketi kando ya barabara tukihema. Chumba kilijaa hadi dari. Baba alimshika Mama mkono, na hakugeuka hata mara moja kutazama kidirisha. Nisifiche, nilianza kumsamehe. Mama alikuwa bado.

"Ulipokea," alimwambia.

"Nilipokea."

"Mawili."

"Mawili, mke wangu."

Mama akautoa mkono wake taratibu, akaniomba mimi nimsaidie kusimama.