Darubini Niliyoidondosha Nakivubo

Kibanda cha Baba pale Nakivubo kilinuka spiriti na mafuta ya cherehani, na mvua ikinyesha, matope ya mfereji yalileta harufu yao bila kukaribishwa. Baba alikuwa fundi saa, Mkenya wa Bungoma aliyekuja Kampala kutafuta riziki kabla sijazaliwa, asiondoke hata risasi zilipokuwa zikilia. Baada ya vita vya themanini na sita, saa za kutengeneza zilikuwa chache, maana nyingi zilikuwa zimevuliwa watu mikononi kwa nguvu. Darubini, hata hivyo, zilizuka kutoka kusikojulikana, na hakuna aliyeuliza zilikotoka. Baba akajifunza kuzifungua, kuzifuta ukungu na kuziuza kwa wawindaji, kwani mashamba yaliyohamwa yalikuwa yamegeuka pori, wanyama wamerudi, na nyama mjini ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa, na kazi yangu ilikuwa kupangusa vioo kwa kipande cha fulana kuukuu. Nilijiona mtu mzima, ati!

Sheria ya Baba ilikuwa moja. Darubini ya macho mawili ina hila: mirija yake ikipishana hata kwa unywele, ukichungulia mara moja utaona sawasawa, kwa sababu macho hujilazimisha. Ukikaa nayo ndipo macho huwaka moto, kichwa kikagonga, na kitu kimoja kikawa viwili vilivyopandana. Kwa hiyo kila darubini, kabla haijamfikia mteja, ilielekezwa kwenye mnara wa kilimani na mtu akasali Baba Yetu mara kumi, polepole, bila kuishusha. Kazi hiyo alinipa mimi. Niliichukia kwelikweli. Mikono iliuma, wachuuzi walinicheka, na kufikia sala ya tatu nilikuwa nimeshachanganya mkate wetu wa kila siku na maandazi ya jirani.

Asubuhi moja Baba alitoka kidogo, na ile darubini aliyoipenda kuliko zote, ya nane kwa thelathini, yaani ya kukuza mara nane kwa vioo vya milimita thelathini, ikaniponyoka. Ilianguka kwenye saruji kwa mlio mdogo tu, kama kikombe kilichowekwa mezani kwa hasira. Nikaiokota, nikachungulia haraka. Mnara ulikuwa pale pale, mmoja, mzima. Nikashukuru Mungu, nikairudisha rafuni. Baba aliporudi akauliza kama nimeijaribu. “Nimemaliza zote kumi,” nikasema, na sikupepesa hata jicho.

Mchana ule ule akaja Mzee Ramadhani. Alikuwa Mnubi wa Kyebando, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani za Waingereza, mrefu, mpole, mwenye kibali cha bunduki na mdogo wake mmoja tu, Abdalla, aliyewinda naye tangu ujanani. Baba alimpangia darubini tatu. Ya kwanza, ya saba kwa hamsini, ilikuwa nzito lakini ilivuta mwanga hata alfajiri. Mzee aliipenda, ila ilikuwa na rangi ya jeshi. “Hii nikikutwa nayo kwenye kizuizi, fundi, wataniuliza ya nani, na sina jibu,” akasema, akaiweka. Ya pili ilikuwa ya jicho moja, ndefu, ya kusimamisha kwa miguu mitatu; kali, ila ilionyesha eneo dogo. Ya tatu ilikuwa ile yangu. Akapima hii, akapima ile, mwisho akanigeukia. “Haya, binti fundi, wewe una macho ya mwewe. Nichukue ipi?”

Ningeitaja ya jicho moja, Baba angeuliza kwa nini, kwa kuwa yeye mwenyewe aliisifu ile nyingine kila siku. Angeishika, angeisalia, angejua. Mkono wa Baba niliujua pia. Nikanyoosha kidole kwa ile niliyoiangusha. “Hii, Mzee. Nimeijaribu mimi mwenyewe.” Akanipapasa kichwa, akaivaa shingoni, akaondoka. Mjinga mimi! Usiku huo nililala fofofo.

Siku ya tatu habari zilifika sokoni kabla ya jua kali. Abdalla alikuwa ameingia kwenye mafunjo upande wa pili wa kinamasi kumfukuza nzohe, swala wa kahawia wa majimajini, atoke, kama walivyozoea, na Mzee Ramadhani akakaa juu ya kichuguu akitazama kwa darubini tangu kulipopambazuka. Aliona mgongo mrefu wa kahawia ukipita kwenye majani. Akashusha darubini, akapiga palepale alipouona. Lilikuwa koti la Abdalla. “Kitalo! Kitalo nnyo!” wanawake wa sokoni walilia kwa Kiganda kwamba ni msiba mkubwa, na wanaume wakatikisa vichwa wakisema ajali haina kinga. Haina kinga? Kinga ilikuwepo, nilikuwa nimeifungia kinywani mwangu.

Polisi walimshika Mzee wiki kadhaa, wakamwachia. Akaja kibandani amekonda, akaiweka darubini mezani, imefutwa safi. “Haina kosa, fundi. Ni macho yangu. Yalianza kuwaka, kichwa kikauma, nikasema nivumilie kidogo. Nimezeeka, nikamuua mdogo wangu.” Baba alipobaki peke yake nami, aliielekeza mnarani akaanza kusali kwa sauti. Sala ya nne hakuimaliza. Akaishusha, akanitazama. Nilisubiri kofi, na Mungu anisamehe, nililitamani. Alitoka, akaitupa mferejini, akarudi akashika saa ya mtu na kuendelea na kazi. Hatukulizungumza kamwe, na sikugusa tena vioo vyake.

Siku hizi darubini huagizwa kwa simu, zinakuja kwenye maboksi yenye karatasi ya dhamana, na hakuna mtoto anayezisalia. Mzee Ramadhani aliuza bunduki, akaishi miaka mingi bila kuonja nyama ya pori, akafariki mwaka jana. Nilikwenda matangani Kyebando, nikakaa mkekani na wanawake, kando ya Mama Zainabu, mjane wa Abdalla. Akanishika mkono. “Nilimsamehe shemeji yangu zamani,” akaniambia, “lakini macho yake hakuyasamehe mpaka anakufa. Hivi kweli, mwanangu, yalikuwa mabovu kiasi hicho? Wewe ulikuwepo pale kwa baba yako.” Utotoni nilinyamaza kwa kumwogopa Baba. Sasa Baba yuko kaburini Bungoma, mimi nina wajukuu, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale mkekani wa kuniinulia mkono. Nikamwambia, “Ndiyo, mama. Yalikuwa mabovu.”