Habari za Ukutani

Fundi wa kuta hapa mjini kwetu, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, hachomoi magazeti makuukuu ukutani kwa pupa. Wazee waliyasokomeza humo kuzuia baridi, naye huyatoa kwa ncha za vidole, kama anayeiba yai chini ya kuku anayeatamia. Halafu hupuliza vumbi, huvaa miwani yake iliyofungwa uzi, na kusoma kwa sauti ya padri mimbarini. "'Redio Itakausha Maziwa ya Ng'ombe,'" alisoma jana sebuleni kwetu. "Masikini! Kumbe ndiyo maana ng'ombe wa babu alikuwa hakamuliki mpaka asikie taarifa ya habari." Jingine lilionya kwamba wanawake wakipiga kura, mkate utakoma. "Ukakoma kweli, mama. Wanaume wakakanda wenyewe, unga ukafika darini, mpaka leo tunaukwangua." Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mume wangu, Lyle, hakucheka. Tulimwita fundi atengeneze ukuta ili tuiuze nyumba, na gazeti la asubuhi ile lilikuwa mkononi mwa Lyle. "'Shule Yafungwa, Mji Hautamaliza Miaka Kumi,'" akasoma. "Haya, cheka na hili." Fundi hakubisha. Alilipokea, akalikunja taratibu, akalisokomeza palepale yalipotoka ya zamani. "Hili bado halijaiva, bwana mkubwa," alisema, akiokota nyundo. "Atakayeubomoa ukuta huu ndiye atakayelicheka." Lyle akatoka nje. Alirudi na theluji mabegani, amebeba kibao chetu cha "Nyumba Inauzwa", akauliza, "Na hiki kitaenea humo?"