Nilivyomhesabia Mama Eda

Baba yangu hakuwa mlevi wala mpigaji. Angekuwa hivyo labda mama angepona, maana majirani wa Temeke wangeona. Yeye alikuwa mtu wa sheria.

Talaka ya kwanza alimpa mama nikiwa bado nanyonya, akamrejea eda ilipokaribia kwisha. Ya pili alimpa nilipokuwa na miaka minane, baada ya kuoa mke mdogo. Mama akaenda kwa mjomba, Mbagala. Eda yake ilikuwa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Mume akinyamaza mpaka zimalizike, mke yuko huru. Akimrejea siku moja kabla, hata bila kumwambia, bado ni mke wake.

Kila Ijumaa nilipelekwa kwa baba. Alinipa kashata, kisha akauliza, "Mama yako anaswali siku hizi?"

Mwanamke akiwa hedhini haswali. Nami, mjinga wa kupenda sukari, nilimjibu sawasawa: juzi kaacha, leo kaanza tena. Nilidhani anamtakia mama pepo.

Miezi ikapita, eda ikaisha bila neno la baba. Fundi cherehani mmoja, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, akaleta posa. Mama akatia hina mikononi, na mie sikuwahi kumwona nayo. Wiki ileile ya harusi baba akaja na mashahidi wawili: alikwisha kumrejea zamani, kimya kimya. Mjomba akakimbilia kwa bwana shauri wa serikali ya kikoloni; Mzungu yule akasema ndoa za Waislamu ni kazi ya liwali.

Tukaenda kwa liwali. Palikuwa na tundu moja tu la kutokea: mwanamke ndiye anayejua tohara zake, na kiapo chake kinatosha. Liwali akamsogezea msahafu.

"Siku uliyorejewa, eda ilikuwa imekwisha?"

"Binti yangu anajua," baba akadakia. "Ndiye aliyekuwa akinihesabia."

Mama akanigeukia. Sijapata kutazamwa hivyo tena. Akiapa kuwa ilikwisha, ningeitwa mimi nimkanushe. Kisha akaweka mkono juu ya msahafu.

"Ilikuwa bado."

Siku hizi wanawake wakitaka sheria hii itengenezwe, wapo wazee wanaosema sheria haina kosa, kosa ni la watu. Huwaamkia shikamooni, nikaondoka nisije nikatukana.

Mama alimpikia baba na mke mwenzie miaka kumi na tisa. Talaka ya tatu, ile isiyo na marejeo, hakuipata. Baba alipokufa, ilimbidi amkalie eda, miezi minne na siku kumi. Nikaja na mkeka wangu nimhudumie, akanizuia mlangoni.

"Nenda kwako, mwanangu. Hii nitahesabu mwenyewe."