Uvundo wa Kiwanda cha Sufu

Mjukuu wangu karudi kutoka Wales na picha. Tumekaa jikoni kwangu, Walthamstow, ananionyesha kwenye simu: dohani ya matofali, gurudumu la maji lililopakwa rangi mpya, daraja la mawe, na lile hodhi la jiwe mbele ya kiwanda cha sufu, limepandwa maua. Siku hizi ni makumbusho, watu wanalipa kiingilio. Kuna na duka, wanauza keki na sabuni ya waridi.

"Pazuri, eti Bibi?"

Nikamwambia aondoe simu yake, nisije nikatapika. Yeye atajuaje? Pale mimi nimefanya kazi.

Yule jenerali alipotufukuza Wahindi Uganda, tulishuka uwanja wa ndege hapa Landani, tukapakiwa basi, tukapelekwa kambi ya zamani ya askari huko Wales, upepo na mvua. Wenzetu walitawanyika kwa jamaa zao. Sisi jamaa hatuna. Tukapewa nyumba kijijini: mimi, mume wangu na mama yake. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa Jinja. Huku hakuna aliyemtaka. Aliyetakiwa ni mimi, kiwandani, niwe muosha sufu.

Sufu nyinyi mnaijua ya dukani, nyeupe, laini. Mimi niliipokea inavyotoka kwa kondoo: mavi yamegandamana, kupe wamevimba, funza wanatembea, na mafuta ya jasho la mnyama yanayoingia chini ya kucha yasitoke tena. Tunaitumbukiza kwenye maji ya moto na magadi, mvuke unakuingia mdomoni mpaka mate yako yana ladha ya zizi. Wanawake wenzangu, ambao majina yao yote ninayo kichwani mpaka leo, na ya watoto wao, walikula mkate wao palepale, vidole wamefuta kwenye aproni tu. Mimi nilishinda na njaa.

Na sisi Wahindu tusiokula nyama! Kwa mama mkwe hata yai halivuki mlango. Yeye alizaliwa Mombasa, mimi Pemba. Jikoni tulisemezana Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho akanisuta.

"Usiguse hiyo sufuria."

"Nimeoga, mama. Nimejisugua mpaka ngozi inawaka."

"Hata ukioga mtoni. Mwanangu nilimwoza mwanamke, sikumwoza kondoo."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Kisha akaja jirani, kwa wema wake, kutusimulia sifa za kijiji. Akasema zamani hodhi lile la jiwe lilijazwa mkojo, unakusanywa nyumba kwa nyumba, unaachwa uvunde, mablanketi yanafuliwa humo. Mume wangu akamfasiria mama yake. Mama mkwe akaweka kikombe chini, na tangu hapo hakutia mdomoni chochote nilichopika. Jiko la gesi alikuwa akiliogopa kama nyoka, na mwanawe hata maji hajui kuchemsha. Basi ikawa mkate mkavu na tufaha. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkono zenyewe.

"Acha kazi," mume wangu akaniambia.

"Nikiacha tutakula nini?"

"Huyu mbona hali hata sasa."

Nikaona nitamuua mama wa watu kwa njaa, au nitatutupa sote barabarani.

Siku moja mchana mama mkwe akatokea mlangoni kiwandani, sari imeloa, koti la mwanawe juu yake. Alikuwa amekuja akiifuata dohani. Mimi nimezama mpaka viwiko, mikono imechubuka kwa magadi, myekundu. Akayatazama maji yale meusi yenye povu la mafuta. Akaitazama mikono yangu. Akatapika juu ya viatu vya msimamizi. Msimamizi akaruka! Mama mkwe akajifuta kwa pindo la sari, akaenda zake.

Jioni nikakuta jiko linawaka. Kapika wali na dengu, mwenyewe, vidole kaviunguza. Nikanyoosha mkono kwenye sahani.

"Mikono nyuma! Inanuka."

"Sasa nitakulaje?"

"Panua mdomo."

Akanilisha tonge kwa tonge, uso kaugeuza pembeni, pua kaibana kwa mkono wa pili. "Tafuna upesi, we kondoo jike, unanichefua." Nami nilichefuka vilevile, kila tonge lilipita kwenye harufu yangu mwenyewe. Lakini nilimeza.

Niliposhiba, wali ulibaki kidogo sahanini. Kwetu mabaki ya mkazamwana mama mkwe hayagusi, hata awe anakufa. Yeye akakaa chini, akaivuta sahani yangu, akala yote yaliyobaki, akapangusa dengu kwa kidole.

"Chumvi imezidi," akasema, akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyepika.