Pombe ya Wazishi

Kabla ya kipindupindu kufika kijijini kwetu, mume wangu alikuwa mnywaji wa Jumamosi. Alikwenda kilabuni jua likianza kushuka, akaketi na wenzake kwenye magogo, wakazungushiana kata moja ya pombe ya mtama mpaka mtungi ukauke. Giza halijashika sana, yuko nyumbani anauliza kama mbuzi wameingia wote. Hakuwahi kuimba njiani wala kunipiga. Wakati anakuja kunichumbia kwetu Misigiri, alikokuwa na kikosi cha kuchimba visima, baba yangu alinihoji jambo moja tu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hakugusa pombe maisha yake yote.

"Huyu kijana anakunywa?"

"Anakunywa kama watu," nilimjibu.

Baba akafikiri, akakubali. Nikaolewa huku upande wa Mungaa.

Ugonjwa ulitukuta tukiwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Zamani kila mtu alikaa mbali na mwenzake, na zizi lake na shamba lake. Sasa tulipangwa mistari, jirani akikohoa unamsikia, na wote tunateka maji kwenye bwawa moja. Kipindupindu kilipoingia hakikuhangaika kututafuta. Mtu anaharisha asubuhi, jioni macho yameingia ndani na sauti imekauka, kesho hayupo.

Amri zikaja. Maji yachemshwe. Mnada usimame. Asitoke mtu wala asiingie. Kilabu kifungwe, maana pale watu wazima wanakunywa kwa kata moja, mdomo kwa mdomo. Mume wangu ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi zetu, kwa hiyo ndiye aliyezunguka kutangaza. Mitungi ikamwagwa mbele ya watu, uwanja ukanuka kimea siku nzima, na wanaume wakasimama wanatazama pombe ikinywewa na mchanga.

Nilidhani walevi ndio watakaoteseka. Haikuwa hivyo. Jirani yetu mmoja, mchongaji wa mizinga ya nyuki, alikuwa mtu wa kubebwa kurudishwa nyumbani. Kilabu kilipofungwa aliacha pombe siku ile ile, akawa anakaa mlangoni kwake anachonga mizinga isiyo na mnunuzi. Mke wake aliniambia bwawani, "Kumbe miaka yote hii hakuwa anafuata pombe. Alikuwa anafuata watu."

Wengine waligeuka upande wa pili. Muuzaji wa duka la ushirika, mtu wa tai na kanisa, alianza kuweka gongo kwenye birika la chai. Alisema inachoma vijidudu tumboni. Maneno hayo yalienea haraka, maana mtu akiogopa anashika lolote. Hata sisi wanawake tulionja kijiko kimoja kimoja, tukitazama pembeni kama wezi. Gongo haikuhitaji kilabu. Mtu aliinywa peke yake, nyuma ya mlango, saa yoyote.

Mume wangu aliingia humo kwa njia nyingine. Bwana afya alipiga marufuku ndugu kugusa maiti wao. Alitaka wanaume wachache wa kuzika, wavae mabuti, wamwage chokaa, wamalize upesi. Balozi ndiye aliyetakiwa kuwatafuta. Alipita nyumba hadi nyumba. Mmoja alisema mgongo unamuuma, mwingine akajificha kwenye ghala na mke wake akadanganya. Mume wangu akaona haya kumlazimisha mwanamume mwenzake. Akarudi, akasema, "Nitaenda mwenyewe." Akapata wenzake wawili tu.

Asubuhi ya pili ya kazi hiyo nilisikia harufu ya gongo kwake kabla hajanawa uso.

"Baba watoto, jua hata halijapanda."

Hakukasirika. Alikuwa anafunga kamba za mabuti. "Maiti wa ugonjwa huu huwezi kumshika ukiwa na akili zako zote," alisema. "Jaribu wewe uone."

Nilidhani ni ya kazi tu, kazi ikiisha nayo itaisha.

Kisha akaugua mama mkwe wangu. Alikufa kabla machela haijafika kumpeleka zahanati. Wanawake tulikatazwa kumwosha. Aliyemfunga kwenye mkeka, akamshusha shimoni na kummwagia chokaa nyeupe, ni mwanawe mwenyewe, kwa sababu ndiyo zamu yake. Mimi nilitazama kutoka mbali, tulikozuiwa. Tangu siku hiyo alikunywa palipo na maiti na pasipo na maiti.

Aibu yake niliibeba mimi. Nilikwenda kufua nguo zake zilizotapikiwa, na wanawake wakasogeza ndoo zao upande wa pili wa bwawa. Sikujua wanakimbia ugonjwa au wanakimbia mke wa mlevi, na sikuthubutu kuuliza. Siku moja niliwakuta wanangu wanacheza uani. Mkubwa anayumba, anashika ukuta, wadogo wanacheka. "Baba anatoka makaburini," walisema. Niliwachapa mpaka mkono ukaniuma, halafu nikaingia jikoni nikalia kwa sababu walikuwa wameigiza vizuri.

Karantini ilipoondolewa, baba yangu alikuja kutupa pole ya msiba. Alipanda lori hadi mjini Singida, akapanda jingine, akatembea kilichobaki na mfuko wa unga wa uwele begani. Nilimpa kiti uani. Nikachinja kuku. Mume wangu hakuwepo, na nilijua yuko wapi, ila nilimwambia baba kwamba ameitwa ofisi ya kijiji.

Mume wangu alitokea wakati naepua ugali. Alimwona mkwewe, akajaribu kusimama wima, akavua kofia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba."

Alitaka kujibu. Midomo ilicheza, maneno hayakutoka. Magoti yakakunjika, akaketi chini pale pale kwenye vumbi mbele ya miguu ya baba yangu, na suruali yake ikalowa. Maji yakatambaa mpaka karibu na viatu vya mzee. Nilivua kanga ya juu nikamfunika, nikabaki na ya chini. Kwetu mkwe humtazami vibaya hata ukiwa na usingizi, sembuse kujikojolea mbele yake.

Baba aligeuzia uso ukutani.

"Uliniambia anakunywa kama watu," alisema.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Ningeweza kumweleza juu ya chokaa na mkeka na mama yake. Badala yake nilimwekea chakula. Akaomba Mungu juu ya sahani, akasimama, akasema atakula njiani. Njiani hapakuwa na chakula, na yeye alijua, na mimi nilijua. Alipoondoka niliwapa majirani kuku yule, sikuweza kumtia mdomoni.

Muda ulipita, watu wakaacha kufa, kilabu kikafunguliwa. Jumamosi ya kwanza mume wangu alioga, akanyoa ndevu, akavaa shati safi. Hakuwa amekunywa tangu asubuhi. Nilifurahi. Nilidhani akirudi kwa wenzake, atarudi alivyokuwa. Jioni nikapita kilabuni kuchukua machicha ya pombe ya kulisha kuku, na kwa kweli nilitaka kumwona.

Alikuwa ameketi katikati, kwenye gogo lake la zamani. Mchongaji wa mizinga alikuwepo, anacheka kwa sauti, amerudishiwa watu wake. Kata ilikuwa inazunguka. Ikafika kwa mtu wa kulia kwake. Yule akanywa, akafuta mdomo, akapitisha mkono mbele ya kifua cha mume wangu, akampa wa kushoto. Ikazunguka tena, ikamruka tena. Mume wangu alikuwa anacheka wanapocheka, akichelewa kidogo, kama mgeni asiyejua lugha. Akainua macho, akaniona nimesimama na ndoo yangu.

Nilikuwa nimezoea kumwonea haya mume wangu. Siku ile niliona wanaume ambao baba zao na wake zao alikuwa amewashusha kaburini wakati wao wamejificha ghalani, na bado wanaiogopa mikono yake.

Mpika pombe alikuwa mjane. Mumewe alikufa mwanzoni kabisa. Alichota kata nyingine, akanywa mwenyewe kwanza, watu wakimtazama, kisha akapiga goti mbele ya mume wangu.

"Kunywa, baba. Wewe ndiye uliyemlaza mzee wangu."

Aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akairudisha, akashukuru, akasimama. Tulirudi nyumbani pamoja. Kufika uani ndipo akasema, hanitazami, "Mama nilimlaza bila kumwosha hata uso. Nikinywa, naona kama aliyefanya vile ni mtu mwingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa unanionea haya."

Hakuacha siku ile. Nisidanganye. Zilikuwepo siku za harufu na siku zisizo na harufu, na mvua ziliponyesha zile zisizo na harufu zikaongezeka, kwa sababu alishinda shambani kutwa akilima kama anagombana na ardhi. Kilabuni hakuketi tena. Gongo aliiacha polepole, na sijui ni lini hasa ilikuwa ya mwisho.

Baada ya mavuno aliniambia tujiandae kwenda Misigiri. Alinunua kondoo. Tulifika kwetu mchana, mama yangu akanivuta jikoni, mume wangu akabaki nje na baba. Ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba.

"Baba, nimekuja kuomba radhi kwa siku ile."

"Siku gani?" baba aliuliza. Alikuwa anampa njia ya kupita.

Mume wangu hakuipita. "Siku niliyojikojolea mbele yako."

Mama aliacha kukoroga mboga. Mimi niliinamia mafiga, uso unaniwaka, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama. Kisha baba akakohoa.

"Nilikuja kwenye msiba wako nikaacha chakula mezani," alisema. "Hilo nalo silisahau. Mfunge kondoo kule kivulini, uje uketi."

Wakaanza kuzungumza habari za uwele, kwamba mwaka huu ndege wameusumbua sana.