Mtunza Picha na Watu wa Nyuma

Miaka imempitia taratibu mtunza picha wa studio moja ya mtaani, ikamgeuza nywele rangi na kumzidishia miwani unene, lakini desturi yake haikutikisika: kila picha iingiayo kwenye kompyuta huiandikia tarehe, mahali, na majina ya wote waliomo. Huandika kwa kidole kimoja, midomo ikifuatisha kila herufi. Wateja humtania. "Bibi, huyo wa nyuma kapita tu, muache!" Naye hujibu bila kuinua macho, "Aliyepita hana jina, mwanangu?" Wala haendelei mpaka aambiwe.

Juzi alimjia seremala, kofia mkononi. Mama yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, na nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja. "Hakupenda kupigwa, Bibi. Wanangu wataisahau sura yake." Mtunza picha aliuliza jina la marehemu, akaliandika polepole, akabonyeza. Kati ya picha elfu arobaini ikatokea moja: harusi ya watu wengine, maharusi wako mbele, na nyuma kabisa mwanamke amebeba sufuria, anacheka waziwazi. Seremala aliinama karibu na kioo. "Ndiye. Pengo lile la jino ni lake."

"Watoto wako wangapi?"

"Wanne, Bibi."

Akachapa tano. "Nne za wajukuu," alisema, akizipanga katika bahasha, "na moja ya mtoto wake."

Mola amrehemu mama yule, awatunze wajukuu wake, na amdumishie mtunza picha nuru ya macho, yeye na jamaa zake wote.